Supu ya nyanya ya kopo kwa mgonjwa wa presha: lishe ipo au ni chumvi tu? Na haya makopo tuyafanyeje?

Bint wa Mwanga (Kigoma)

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada wa mawazo hasa kwa wale wanaoelewa mambo ya lishe. Wifi yangu anaishi Uingereza, katuma boksi la vitu kwa meli na ndani kuna supu ya nyanya ya kopo nyingi, yale makopo ya gramu 400, katuma kwa upendo kabisa kwa ajili ya baba maana tangu atoke hospitali hali chakula vizuri, ugali anaumega mara mbili anausogeza pembeni, lakini hii supu ukimpashia bakuli linaisha lote. Nyumbani wote wanafurahi mzee anakula, ila mi moyo haujatulia kwa sababu baba ana presha na yuko kwenye dawa za kila siku, afu mwanangu wa mwaka na nusu naye kashaionja, akimwona babu yake na bakuli anafuata.

Nimegeuza kopo nikasoma lebo. Kwa gramu 100 wameandika kilokalori 51, sukari gramu 4.9, chumvi gramu 0.6, protini gramu 0.9. Viungo ni nyanya asilimia 89, halafu mafuta, sukari, wanga wa mahindi, chumvi, maziwa ya unga na vikorombwezo vingine. Ukiziangalia hizo namba ni ndogo ndogo, mtu unaona hamna neno, sasa sijui nazisoma sawasawa au la.

Jambo la pili linalonikera ni hili la mazingira. Hapa sokoni Mwanga mafungu ya nyanya yamepangwa mpaka njiani na sisi tunakula nyanya iliyovuka bahari ikiwa ndani ya chuma. Makopo matupu yanaanza kujaa nyuma ya jiko na kwetu taka zinachomwa shimoni. Sitaki kumvunja moyo wifi, nataka kujua ukweli niweze kuongea naye vizuri na kaka pia aelewe.

Afisa Lishe Kasulu

Dada pole sana kwa kuuguza, Mungu amjalie mzee apone.

Nianze na chumvi maana hapo ndo penye kazi kubwa. Hizo namba usizisome kwa gramu 100, zisome kwa kopo, kwa sababu mzee hali gramu 100, anakula bakuli. 0.6 mara nne ni gramu 2.4 za chumvi kwenye kopo zima. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo kopo moja limeshachukua karibu nusu na hapo hajala mkate, hajala mboga, hajala chochote kilichopikwa jikoni kwenu. Akila mchana kopo na usiku kopo ni gramu 4.8, siku imekwisha. Mtu wa presha anatakiwa awe chini zaidi, na dawa anazomeza zinapambana na hiyo hiyo chumvi. Mtoto ndo kabisa, Waingereza wenyewe mwongozo wao kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ni gramu 2 za chumvi kwa siku, kopo moja linapita hapo. Mtoto mpikie ya kwake.

Kama kuna kopo limeandikwa sodiamu badala ya chumvi, kama zile za Marekani, zidisha kwa 2.5 ndo upate chumvi. Ukiona miligramu 480 za sodiamu hiyo ni gramu 1.2 za chumvi, tena mara nyingi wanaandika kwa kipimo kimoja na kopo lina vipimo viwili au zaidi.

Sukari isikutishe yote. Nyanya mbichi ina sukari yake ya asili kama gramu 2.6 kwa gramu 100, kwa hiyo karibu nusu ya hiyo 4.9 ni ya nyanya na kidogo ya maziwa, iliyobaki wameongeza ili kuua uchachu. Kwa kopo zima ni kama vijiko viwili vya chai na zaidi kidogo.

Sasa kinachonisumbua mimi kuliko hata sukari ni protini. Kopo zima gramu 3.6, yai moja tu lina kama gramu 6. Kilokalori za kopo zima kama 200. Mgonjwa aliyetoka hospitali anatakiwa kujenga nyama upya, sasa akijaza tumbo kwa supu nyepesi namna hii akaacha vingine vyote mtaona anakula na huku anakonda, na nimekutana na familia nyingi zinashangaa hapo.

Ila msiifanye nyanya ya kopo kuwa sumu jamani. Ile rangi nyekundu inaitwa laikopeni na mwili unaichukua vizuri zaidi kwenye nyanya iliyopikwa pamoja na mafuta kuliko kwenye kachumbari, kwa sababu moto unavunja seli za nyanya na mafuta yanaibeba. Hapo kopo halijapoteza kitu. Inayopungua ni vitamini C, nyanya mbichi ina kama miligramu 14 kwa gramu 100 na joto linaila. Potasiamu ipo nzuri na inasaidia presha, lakini kama figo za mzee zina shida, au yuko kwenye dawa zinazopandisha potasiamu, muulizeni daktari wake kwanza, hilo msilipuuze.

Na sisi watu wa Kigoma tuna kitu ambacho hakipo kwenye kopo lolote, mawese. Mawese mekundu yana karotini nyingi sana ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na ndo mafuta yenyewe ya kubeba laikopeni. Chukua nyanya kilo moja zilizoiva sana, kitunguu, karoti moja, kijiko kimoja cha mawese, usiyachemshe mpaka yakawa meupe maana karotini inaungua ukaja kubaki na mafuta matupu, na kwa sufuria nzima kijiko kimoja kinatosha kwa sababu karibu nusu ya mawese ni yale mafuta yanayoganda. Funika zichemke kwa maji yake yenyewe, saga au pondaponda na mwiko, chuja kama mzee hataki maganda. Afu chukua dagaa waliokaushwa juani bila chumvi, toa vichwa, kaanga pakavu kidogo, twanga mpaka unga laini, weka vijiko viwili. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini na mifupa yake inakupa kalsiamu. Mwisho kamulia limao, limao linadanganya ulimi usitafute chumvi.

Usimkatize ghafla. Wiki hii changanya nusu ya kopo na nusu ya hiyo ya kwako isiyo na chumvi, uendelee kupunguza kopo taratibu. Ulimi wa mtu mzima unazoea chumvi kidogo, unahitaji muda tu.

Fundi Bati Ujiji

Mi naongelea kopo lenyewe maana ndo kazi yangu. Kopo la supu ni chuma chepesi kilichopakwa bati, weka sumaku utaona linanasa. Kwa ndani angalia vizuri utaona rangi nyeupe au ya dhahabu, ile siyo urembo, nyanya ina asidi inakula chuma ndo maana wakapaka. Kwa hiyo usilibandike kopo motoni kupasha supu na supu ikibaki usiiache humo, hamishia kwenye bakuli, maana ukishafungua na hewa ikaingia asidi inafanya kazi haraka. Na yaliyosafiri kwenye boksi yakague kabla hujafungua, lililovimba tupa, lililobonyea pale kwenye mshono wa juu au wa chini tupa pia, la kubonyea ubavuni kidogo halina shida.

Kuchoma shimoni acheni tafadhali. Ile rangi ikiungua inatoa moshi mbaya na chuma kinabaki palepale kinawakata watoto miguu. Sisi mafundi tulikuwa tunayakata makopo tunatengeneza koroboi, sasa hivi taa za sola zimejaa koroboi hazinunuliki kama zamani, na haya yenye rangi ndani yanasumbua, lehemu haishiki mpaka uisugue rangi yote itoke na mchanga, ukilazimisha inadondoka kama shanga. Watu wa sokoni wanayachukua kwa kupimia karanga na maharage na hayo yanaishi miaka. Yaliyobaki osha, kata mfuniko wa chini, yaponde yawe bapa, weka kwenye kiroba mpaka kijae, vijana wa chuma chakavu wanapita. Kopo moja hawatakuangalia, kiroba watachukua. Chuma hicho kinaenda Dar kinayeyushwa, na chuma hakichoki, utakiyeyusha leo na kesho na keshokutwa.

Mwalimu wa Isevya (Tabora)

Mjadala mzuri sana, nafundisha kemia hapa Tabora nami niongeze. Fundi kasema kweli kuhusu ile rangi ya ndani. Kwa miaka mingi imetengenezwa na epoksi, aina ya plastiki, yenye kemikali inaitwa BPA inayoweza kuingia kidogo kwenye chakula. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2023 ilishusha kiwango ambacho mtu anaweza kukipata kwa siku mara 20,000 chini ya kile cha mwanzo, na mwishoni mwa 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha kuipiga marufuku kwenye vifungashio vya chakula, na viwanda vimepewa muda wa kuhama. Kwa mtu anayekula kopo mara moja moja sioni sababu ya kukosa usingizi, lakini kwa mgonjwa wa kila siku na mtoto mdogo ni sababu nyingine ya kupunguza.

Kwenye mazingira naona wote tunalielekezea kopo kidole kabla ya kupiga hesabu, tupige. Kopo tupu la gramu 400 lina chuma cha kama gramu 55. Duniani kwa wastani kutengeneza tani moja ya chuma kunatoa karibu tani mbili za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo kopo lako limetoa kama gramu 110. Meli inatoa kidogo sana, kama gramu 10 kwa kila tani kwa kilomita, kutoka Uingereza kupitia Suez mpaka Dar ni kama kilomita 12,000, kopo lenye supu kama gramu 450, unapata gramu 54 hivi. Halafu lori Dar mpaka Kigoma zaidi ya kilomita 1,200, lori linatoa mara saba nane ya meli, unapata kama gramu 40. Mnaona hapo? Bahari yote ile na barabara ya kuja kwenu zinakaribiana, na chuma peke yake kinazidi kila mojawapo mara mbili. Haya ni makadirio lakini mpangilio wake ndo huo, kifungashio kwanza, umbali baadaye.

Sasa njooni kwenye jiko ambako hatupendi kuangalia. Mkaa robo kilo ukiungua unatoa kama gramu 700 na zaidi, na hiyo ni jikoni tu, bado tanuru la msituni ambako kwa njia zetu za kienyeji inatakiwa kuni kilo sita mpaka kumi kupata kilo moja ya mkaa. Kwa hiyo dada akipika supu yake ya nyanya freshi nusu saa juu ya mkaa bila mfuniko, kwa hesabu ya hewa ukaa anaweza kuwa amelishinda kopo kwa ubaya. Naishi Tabora, naona miombo inavyoisha kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, hili linaniuma sana na nalisema darasani kila mwaka. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, lakini kwenye mitaa yetu gunia la mkaa bado limesimama mlangoni.

Sisemi arudi kwenye kopo, chumvi imeshatoa hukumu hapo. Nasema apike kwa gesi kama ipo, afunike sufuria, apike nyingi mara moja ya siku mbili tatu badala ya kuwasha jiko kila mlo, na rojo la kwenye mboga litoke kwenye sufuria hiyo hiyo.

Na jambo la mwisho, nyanya karibu asilimia 95 ni maji. Ukisafirisha supu unasafirisha maji. Ndo maana mwaka 1897 pale Campbell Marekani mkemia John Dorrance alivyotoa supu nzito yenye maji kidogo, unayoongeza maji mwenyewe jikoni, biashara ilibadilika, kopo likawa dogo na gharama ya kusafirisha ikashuka. Nyanya nzito ya kopo tunayonunua dukani kwa matumizi ya mboga inafuata njia hiyo hiyo, kilo moja yake inatokana na nyanya kilo tano mpaka sita, na ukisoma lebo nyingine viungo ni nyanya tu, hamna chumvi wala sukari. Hiyo naiona ina nafuu kuliko supu iliyokamilika.

Mkulima Manyovu

Nimesoma yote nikaona niseme na upande wa shamba maana mnaongea kama nyanya inaota sokoni.

Huku kwetu kiangazi mabonde yote yanavunwa kwa wakati mmoja, unajaza tenga unapandisha lori, ukifika mjini kila mtu kaleta, bei imelala, tenga za chini zimepondeka zinachuruzika maji, unauza kwa bei ya kurudishia nauli au unamwaga. Mvua zikikolea ukungu unapiga majani, anayepona ni yule mwenye hela ya dawa, na bei inapanda mpaka mama mwenye mgonjwa kama dada hapo ananunua nyanya tatu kwa bei ya fungu. Na kantangaze, yule mdudu wa nyanya, tangu aonekane nchini 2014 hajaondoka, funza wake anatoboa tunda ukiwa na matumaini kabisa. Duniani kwa wastani kilo moja ya nyanya imekula maji kama lita 214, sasa ile tenga niliyoimwaga ina maji hayo, ina mbolea, ina dawa, ina mgongo wangu, vyote vimeoza. Mwalimu hesabu yako iweke na hiyo.

Kwa hiyo mi sina ugomvi na kopo. Kopo ni akili kubwa, nyanya ya mwezi wa nane inaliwa mwezi wa nne. Ugomvi wangu ni kwamba kopo linatoka mbali wakati nyanya inaozea Manyovu. Wenzetu wa Iringa wana viwanda, Dabaga iko kule miaka mingi, Ilula nyanya ina pa kwenda hata kama bei siyo nzuri. Ukanda wetu huu kuanzia Buhigwe, Kasulu mpaka Kibondo nyanya inasubiri lori tu. Na madukani humu ukigeuza paketi na makopo ya nyanya nzito soma imetoka wapi, wakubwa wa nyanya za kiwandani ni California, Italia na China, na zile za Xinjiang Marekani walizipiga marufuku Januari 2021 kwa habari ya kazi za kulazimishwa. Mkulima wa Kigoma anashindana na hao akiwa na baiskeli.

Dada nunua sado nzima kiangazi hiki usinunue fungu, na muulize muuzaji amepuliza dawa lini, dawa nyingi zina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna na wapo wanaopuliza leo na kuchuma kesho kwa kuogopa kantangaze. Zioshe kwa maji mengi yanayotiririka.

Bint wa Mwanga (Kigoma)

Wakuu nashukuru mno, nimemsomea kaka yote na ameelewa, wifi naye nimemtumia, kauliza tu atume nini badala yake tukamwambia atume mashine ya kupimia presha nyumbani. Jana nilichanganya nusu kwa nusu na unga wa dagaa nikakamulia limao na mzee kamaliza, kauliza mbona leo ina ladha ya samaki lakini kamaliza. Mtoto kapewa yake. Makopo nimeanza kuponda.

Sasa Mkulima kanipa wazo. Nikinunua sado kadhaa kiangazi hiki nataka nizihifadhi kwenye chupa za vioo nitumie mvua zikianza. Jirani anasema unachemsha tu nyanya na vitunguu na mafuta unamimina chupani unafunga basi. Hiyo ni salama?

Afisa Lishe Kasulu

Hapana dada, ya jirani usifanye. Kuna bakteria anaitwa botulinamu, anapenda mahali pasipo na hewa na asidi ikiwa ndogo, sumu yake inaweza isionekane wala isinuke na inaua. Nyanya inakaa mpakani kabisa, kikomo cha usalama ni pH 4.6, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikipanda asidi inapungua, na nyanya zilizoiva sana zinaweza kupita hapo. Ukiweka vitunguu, mafuta, karoti au maziwa ndani ya chupa asidi inazidi kupungua. Kwa hiyo chupani ziingie nyanya peke yake, hivyo vingine utaongeza siku ya kupika.

Tumia chupa zile maalumu za kuhifadhia zenye mfuniko wa kubana, chupa ya mayonezi iliyotumika siyo yake. Menya nyanya, ziponde, zichemshe. Kwenye kila chupa ya lita moja weka kwanza vijiko viwili vikubwa vya maji ya limao ya dukani, ya dukani kwa sababu asidi yake haibadiliki, limao la mtini moja kali jingine hafifu. Jaza nyanya za moto, acha nafasi ya kama sentimita moja na robo juu, futa mdomo wa chupa, funga. Zizamishe kwenye sufuria refu la maji, maji yazifunike kabisa, na muda uanze kuhesabu yanapochemka kwelikweli. Hapo Kigoma mjini mko kama mita 800 juu ya bahari, chemsha dakika 50. Sisi huku Kasulu tuko juu zaidi, maji yanachemka kwa joto la chini kidogo, tunakwenda dakika 55. Zikipoa bonyeza mfuniko katikati, ukidunda weka hiyo chupa kwenye friji muile wiki hii.

Kama chupa hizo hazipatikani, kausha. Kata nyanya vipande vyembamba, tandaza kwenye wavu ulioinuliwa kutoka chini, funika na chandarua safi nzi wasitue, usiku ingiza ndani. Kiangazi cha Kigoma jua linatosha, zikishakauka mpaka zinakunjika bila kutoa maji weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Bila chumvi zinakaa vizuri tu ukizikinga na unyevu, na laikopeni nyingi inabaki. Na gesi hujaiwasha hata kidogo, mwalimu wa Tabora atafurahi.